Anayethamini sarafu za marehemu asiwe mnunuzi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na warithi, wasimamizi wa mirathi na makarani wa mahakama kuhusu kopo la sarafu za zamani linalotoka uvunguni katika nyumba nyingi kongwe za pwani siku vitu vya marehemu vinapogawanywa. Nyumba huthaminiwa, shamba hupimwa, dhahabu hupelekwa kwa sonara. Kopo la sarafu huitiwa mnunuzi wa kwanza aliyesikia habari zake. Hulimwaga mkekani, hutaja bei moja ya jumla, huondoka nalo. Aliyethamini ndiye aliyenunua, na hilo ndilo ninaloomba likome.

Mthamini alipwe kwa saa, au kwa kiasi kimoja cha kazi nzima kilichokubaliwa kabla kopo halijafunguliwa. Asilipwe asilimia ya thamani, maana atakuwa na sababu ya kuipandisha. Na anayetaka kununua ana sababu ya kuishusha. Mapatano yaandikwe kwamba hatanunua mali hiyo wala kuleta mtu wake wa kuinunua. Akilikataa sharti hilo, mshukuruni na mtafute mwingine. Muhuri wa mthamini wa ardhi na majengo hautoshi hapa. Ni elimu nyingine kabisa.

Liko swali moja la kumpima. Mwonyesheni reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya malkia wa Austria, yenye mwaka 1780 na mumwulize ina umri gani. Asiyejua atatoa hesabu ya miaka zaidi ya mia mbili na arobaini. Anayejua atawaambia mwaka huo peke yake hauthibitishi umri, kwa sababu reale hiyo iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule wa 1780 Vienna, London, Bombay na kwingineko hata katika karne ya ishirini. Ataigeuza aangalie vito vya kwenye bega la malkia na manyoya ya tai, kwani humo ndimo viwanda vinapotofautiana. Kisha ataizungusha atazame ukingo, ambao una maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA na mapambo. Ukingo mtupu, au wenye mikwaruzo ya tupa, ni dalili mbaya.

Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha ni sehemu 833 katika 1000. Uzito pekee unaweza kuigizwa, kwa hiyo ipimwe pia ikiwa ndani ya maji, kazi ambayo warithi wanaweza kuishuhudia kwa macho yao. Chukueni mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Wekeni juu yake glasi yenye maji, mrudishe namba kwenye sifuri, kisha mning'inize reale kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Reale ya kweli itaonyesha karibu gramu 2.75, yaani uzito wa maji iliyoyasukuma. Ya bandia iliyotengenezwa kwa shaba na nikeli, hata ikiwa na uzito ule ule nje ya maji, itaonyesha karibu 3.15. Vipovu vya hewa vilivyoganda kwenye sarafu huharibu kipimo, basi vitikiseni vitoke. Ikaushwe kwa kugandamiza kitambaa laini, bila kusugua.

Na hapa niseme kwa nguvu zangu zote: msizisafishe! Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, vyote ni sumu kwa sarafu. Weusi ulio juu ya fedha na rangi ya kahawia iliyo juu ya shaba ni ngozi ya sarafu, na mnunuzi mzito huilipia. Ukiing'arisha unaikwangua, na chini ya lenzi mikwaruzo hiyo myembamba huonekana yote, ikielekea upande mmoja. Hakuna dawa ya kuirudisha ngozi iliyotoka. Ni vibaya pia kuzihifadhi katika mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali. Kwa joto na unyevu wa pwani hutoa utelezi wa kijani unaoila shaba. Bahasha ndogo za karatasi kavu, sarafu moja kila bahasha, zinatosha kwa muda.

Kabla ya kumwita mthamini, tengeni za kawaida ili msilipie saa zake bure. Senti kumi na senti tano za Afrika Mashariki zenye tundu za 1936, zenye jina la Edward wa Nane, hutangazwa mitandaoni kama utajiri kwa kuwa mfalme huyo hakumaliza mwaka. Zilitengenezwa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba ya 1921 hadi 1946 si fedha tupu, bali robo tu: katika gramu 7.78 fedha haifiki gramu 2. Ya kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yenye picha ya mizani, nayo hupatikana bila shida.

Zitakazohitaji jicho la mjuzi ni chache. Kuna sarafu ya rupia mbili ya Kijerumani ya 1893 na 1894. Kuna senti za Zanzibar za 1908 zenye mnazi, za Sultani Ali bin Hamud, ambazo ni adimu sana. Na kuna za Tabora za 1916. Sarafu za heller ishirini za Tabora (neno letu hela lilitokana na heller) zilipigwa wakati wa vita katika karakana ya reli, nyingine kwa shaba njano, nyingine kwa shaba nyekundu, na zinatofautiana kwa ukubwa wa taji na ncha za herufi L. Zilitoka na kasoro, hivyo iliyo safi mno iangaliwe mara mbili. Dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, gramu 7.17, dhahabu sehemu 750 katika 1000, imeigizwa mno. Hiyo msiikubali wala kuiuza kwa neno la mtu mmoja. Kuituma ng'ambo kwa kampuni za kupima na kufungia sarafu, kama PCGS au NGC, kunalipa kwa sarafu ya namna hiyo. Kwa shilingi ya simba, gharama itazidi sarafu yenyewe.

Reale iliyolehemiwa kipete ili ivaliwe kifuani imepoteza bei ya wakusanyaji, ila inaweza kubaki na bei ya pambo. Sarafu zilizofukuliwa ardhini, kama zile ndogo za shaba za Kilwa, ziwekwe kando kabisa: hapa Tanzania vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinaguswa na Sheria ya Mambo ya Kale, na havisafirishwi nje bila kibali.

Siku ya kazi, hesabuni sarafu mbele ya mthamini, mpige picha pande zote mbili, msaini orodha nakala mbili. Mrithi mmoja akae mezani mpaka mwisho, na kopo lisilale kwa mthamini. Sarafu nzuri hubadilishwa na mbovu ya mwaka ule ule bila idadi kupungua, na picha ndiyo itakayoonyesha.

Ripoti itaje tarehe ya thamani na shabaha yake, maana bei ya bima, bei ya mnada na bei ya kuyeyusha ni namba tatu tofauti. Kwa mirathi, ombeni bei ya soko. Kila sarafu ya maana iandikwe mwaka, alama ya kiwanda, madini, uzito, upana na hali yake, na bei zitokane na mauzo yaliyokwishafanyika, si bei wanazotaja wauzaji mtandaoni. Za kawaida zinaweza kuandikwa kwa mafungu.

Kwa makarani wa mahakama ombi langu ni dogo: orodha ya mali ya marehemu iwe na mstari wa sarafu, wenye idadi, uzito wa jumla, na jina la aliyethamini mbali na jina la aliyenunua.

Mkusanyaji wa sarafu,
Tanga