Tuupime Mto Rufiji hadi baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Mto Rufiji chini ya Bwawa la Julius Nyerere. Tangu maji yaanze kujazwa Desemba 22, 2022, tumesikia mengi kuhusu megawati 2,115 na mitambo 9, na umeme huo tunauhitaji kweli. Lakini mto ukishapita ukuta unakwenda kwa watu. Nataka nao upimwe kila mwaka, kwa njia ileile, hadi unapoingia baharini.

Mto Kihansi, ambao maji yake nayo huishia Rufiji, ulitufundisha kwa gharama kubwa. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza, watafiti walimkuta korongoni chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hatagi mayai bali huzaa. Hakuwa akipatikana kwingine kokote duniani. Aliishi kwenye majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko, na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kuhifadhiwa, kisha yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia korongo. Idadi ikapanda, halafu mwaka 2003 ikaporomoka ghafla. Fangasi wanaoshambulia ngozi ya vyura walikutwa, ila hakukuwa na kumbukumbu za miaka mingi kabla ya bwawa za kulinganisha nazo. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini, na 2012 ndipo wa kwanza wakaanza kurudishwa korongoni. Inauma, kwa sababu utafiti uleule ungetangulia ujenzi, pengine mgawo wa maji ungepangwa vingine tangu mwanzo.

Rufiji nako muda wa kupima kabla ya ukuta umeshapita. Kilichobaki kimo vichwani mwa watu. Wakulima wa mlau, wanaopanda kwenye tope mafuriko yanapojitoa, wanakumbuka mwaka gani maji yalifika ziwa lipi kando ya mto na mwaka gani hayakufika. Wavuvi wanajua perege walikuwa wakikua kiasi gani maziwa hayo yakijazwa na mto. Wazee hawa wahojiwe sasa, wangali hai, na maelezo yao yawekwe pamoja na takwimu za Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji.

Vipimo vyenyewe vianzie kwenye maswali ambayo majibu yake yanaweza kubadili namna milango ya bwawa inavyofunguliwa. Je, tope linalobaki nyuma ya ukuta linaipunguzia mikoko ya Delta, pale mto unapoingia baharini, udongo wa kusimamia? Maji ya chumvi yanapanda hadi wapi wakati wa kiangazi? Kambamiti wanahitaji maji ya mto yasiyo na chumvi kiasi gani, na mwezi gani? Marekani, kwenye Bwawa la Glen Canyon la Mto Colorado, Machi 1996 walifungulia mafuriko ya makusudi kwa siku 7 ili kurudisha fukwe za mchanga. Vipimo vikaonyesha kuwa sehemu kubwa ya mchanga ule ilitoka kwenye fukwe za zamani, wala si sakafuni mwa mto kama walivyotarajia. Jaribio la 2004 likangojea kwanza mto mdogo wa Paria ulete mchanga mpya. Vipimo viliwabadilishia ratiba, na hilo ndilo ninaloliombea Rufiji.

Si suala la samaki peke yao. Aprili 2024 wananchi wa Rufiji na Kibiti walishuhudia maji yakifunika nyumba na mashamba. Vipimo vinavyoishia kwenye kabati la ofisini haviwasaidii hawa. Fungu lake litengwe kwenye mapato ya umeme wenyewe, ili upimaji usife mfadhili anapoondoka. Matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya vijiji, kuanzia Utete hadi Delta, pamoja na ratiba ya kufungulia maji, kabla mkulima wa mlau hajatia mbegu ardhini.

Msomaji wako