Risala ya Wanaklabu wa Baiolojia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa, tukianza kutaja kila mtu hapa muda utaisha kabla hatujafika kwenye seli.

Kwanza asante sana kwa kuja. Mwaka huu klabu tumeshughulika na kitu kimoja tu, protini zinazowasha na kuzima jeni ndani ya seli za kinga, na sababu kubwa ni kwamba tumechoka kusikia kila kona ongeza kinga, ongeza kinga, kama vile kinga ni maji ya kwenye pipa, ukijaza ndio bora.

Mgeni rasmi, karibu kila seli mwilini ina jeni zilezile, zile za kutengeneza protini ni kama 20,000 hivi, seli ya ini inazo na seli nyeupe inazo, kinachofanya moja ipigane na vijidudu na nyingine isipigane ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Na wenye usemi mkubwa hapo ni protini zinazoenda kushika DNA mahali maalumu, karibu na jeni au hata mbali nayo, ndio jeni inanakiliwa au inanyamazishwa.

Tuchukue mojawapo ya protini hizo, NF-kappa-B, hii tunaipenda kweli. Ranjan Sen na David Baltimore waliitangaza 1986 wakichunguza seli B, yaani seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili. Kwenye seli iliyotulia inakaa nje ya kiini, imeshikiliwa na protini nyingine inaitwa I-kappa-B. Sasa bakteria akigusa kipokezi kwenye utando wa seli, taarifa inapita mpaka kwa kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye I-kappa-B, ikishabandikwa inapelekwa kusagwa, NF-kappa-B inabaki huru na ndani ya dakika chache iko kwenye kiini inawasha jeni za TNF, IL-6, yaani protini za kupeleka taarifa ya uvimbe, na nyingine kibao, na homa na uvimbe vinaanzia huko. Lakini utamu wenyewe uko hapa: kati ya jeni inazowasha imo ya I-kappa-B yenyewe! Yaani inaagiza mlinzi mpya atengenezwe aje aitoe nje ya kiini. Taarifa ya hatari ikiendelea kuja basi inaingia inatoka, inaingia inatoka, watafiti wameiona kwa darubini ikifanya hivyo kwenye seli hai.

Ya pili ni FOXP3, protini inayowezesha seli za kutuliza kinga ziwepo, na hii ndio jibu letu kwa watu wa ongeza kinga. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi alionyesha kuna seli T, aina nyingine ya seli nyeupe, ambazo kazi yao ni kutuliza seli nyingine za kinga, halafu 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakagundua panya wagonjwa waliokuwa wakishambuliwa na kinga yao wenyewe wana jeni ya Foxp3 iliyoharibika. Kwa binadamu jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaougua ni watoto wa kiume, tangu uchanga kinga inashambulia utumbo, ngozi, mpaka kongosho na mtoto anapata kisukari. Kinga ipo tele, wa kuituliza ndio hayupo. Watatu hao walipewa Nobel ya tiba 2025, na sisi tulishangilia kama tumefunga goli.

Hata dawa ya kupunguza uvimbe iitwayo deksamethasoni inapita humohumo, inaingia kwenye seli inashika kipokezi chake, kipokezi kinakwenda kwenye kiini na kuzima jeni nyingi za uvimbe. Mwaka 2020 majaribio ya Uingereza yalionyesha inapunguza vifo kwa wagonjwa wa Covid waliokuwa kwenye oksijeni au mashine za kupumulia, ila wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Hapo kilichookoa watu ni kushusha kinga, jamani.

Mheshimiwa, kitabu tunachotumia kinaishia kwenye seli nyeupe kumeza bakteria, hayo mengine mwalimu wetu anatuchorea ubaoni. Kwa kuwa wewe ni mtafiti, ombi letu ni moja, utukaribishe maabara siku moja tuone kwa macho yetu seli iliyotiwa rangi, NF-kappa-B ikiwa nje ya kiini na nyingine ikiwa imeshaingia. Usafiri tutajitafutia wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.