Mwanangu, Muulize Kuhusu Ile Meza

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Kazi umeianza salama, bosi ni mtu wa kusikiliza, chumba ulichopanga kina kitasa kizima. Kwa hayo yote namshukuru Mungu. Lakini katikati kuna jambo umelipita haraka haraka, kama mtu anayepita mlango wa anayemdai. Umesema yule dada mnayekaa naye ofisi moja amehamishia meza yake karibu na mlango, na kwamba sababu ni kiyoyozi. Anayekimbia kiyoyozi huvaa sweta, mama. Hakokoti meza.

Niliposoma hapo niliinuka nikaenda kwenye kabati langu, droo ya juu. Nilichokihofia ndicho nilichokikuta: kifuniko kipo, chupa haipo. Umeondoka na Opium yangu, yale manukato ya zamani ya kupuliza, ambayo nimekuwa nikiibana mwaka baada ya mwaka isiishe. Ungeomba ningekupa. Ndiyo maana imeniuma. Ningekupa, na kabla ya kukupa ningekukalisha chini nikueleze namna ya kuishi nayo. Sasa nakueleza kwa barua, na ofisi ya watu wanne yenye madirisha yasiyofunguka imeshaionja.

Nijibu kwa ukweli: unapuliza mara ngapi? Usiniambie mbili. Mbili ni shingoni. Kuna ya kifuani, kuna ya kwenye nywele, halafu ukifika mlangoni unarudi kuongeza kwa sababu husikii kitu. Hapo pa kutosikia kitu ndipo penye hatari. Pua ikikaa na harufu ileile kwa dakika chache huizoea na kuacha kuitaja, lakini harufu yenyewe haijaenda popote. Wewe husikii, na anayepanda ngazi anakusikia. Mimi nimeishi hivyo miaka mingi. Mchana nilikuwa naongeza nikidhani imekwisha, na watu wakiniambia "tulijua unakuja" nikalipokea kama sifa. Ya ndani ya gari sitayarudia. Wewe ndiye uliyekuwa kiti cha nyuma, unayajua kuliko mimi. Niseme tu kwamba dirisha ulikuwa na haki ya kulifungua, na maneno niliyokuambia siku ile hayakuwa ya kumwambia mtoto.

Opium haikutengenezwa iwe ya kunong'ona. Ilitoka Ufaransa mwaka 1977 kwa jina la Yves Saint Laurent, kazi ya watu wawili, Jean Amic na Jean-Louis Sieuzac, na ilikusudiwa imtangulie mwenyewe mlangoni. Ukiipuliza, kwanza hupita chenza, dakika chache tu. Halafu inaingia karafuu, pamoja na pilipili manga na giligilani, kavu, kali, kama umefungua mkebe wa viungo uliofungwa mwaka mzima. Nyuma yake kuna yasmini na karnesheni, ua ambalo lenyewe linanukia kikarafuu. Wengi hukata tamaa hapo. Nilipoletewa zawadi chupa ya kwanza niliijaribu kiganjani, nikaifunga, ikakaa wiki mbili. Siku niliyoivaa ilikuwa usiku, nikalala nayo. Alfajiri nikageuza shavu kwenye mto wa kulalia nikasikia kitu kingine kabisa: manemane, vanila, msandali, pachuli kidogo, joto lililotulia kama blanketi lililoanikwa likakunjwa kabla jua halijaliacha. Niliipendea hiyo harufu ya alfajiri. Wewe unampa yule dada karafuu ya dakika ya kwanza, asubuhi, pengine hajanywa hata chai.

Tena haisemi lugha moja kwenye kila ngozi. Shangazi yako akiivaa inageuka poda tamu, karafuu unaitafuta huioni. Mwenzangu wa kwaya akiisikia anasema inanukia altare wakati wa ubani, na namwelewa, ni ile manemane na utomvu wa miti. Binamu yako alisema mbele yangu kwamba ni harufu ya bibi. Sikumjibu, kwa sababu bibi yako kweli alikuwa wa ukoo huo: Youth-Dew ya Estée Lauder, iliyotoka Marekani mwaka 1953 ikauzwa kama mafuta ya kuogea. Mwanamke wa wakati ule alizoea kungoja aletewe manukato na mume, lakini mafuta ya kuogea angeweza kujinunulia mwenyewe bila kuulizwa. Bibi yako aliyamimina kwenye beseni kwa kipimo cha macho, na taulo zake zote zilikuwa na rangi ya chai. Mama yako mdogo yeye husema neno moja tu: daktari wa meno. Wala hakosei. Kinachoifanya karafuu inukie karafuu ni eugenoli, na eugenoli hiyohiyo madaktari wa meno huichanganya kwenye dawa ya kuziba jino kwa muda na kutuliza maumivu. Mtu aliyewahi kuteseka kwenye kile kiti, karafuu haimpeleki jikoni.

Kwa kuwa nimemtaja mama yako mdogo, nikuambie jambo usilolijua. Alipokuwa na mimba ya mwanawe wa kwanza nilikuwa nakwenda kumtazama kila Jumapili. Jumapili moja aliniomba tukae nje, akasema ndani kuna joto. Tulikaa nje. Jumapili ya pili ikawa vilevile. Nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na sikwenda tena mpaka mtoto alipozaliwa. Watu niliwaambia amebadilika tangu aolewe. Miaka ikapita. Siku moja nimelala kwake, asubuhi napita mlangoni namkuta anakunja shuka niliyolalia, ameishika mbali na uso, mikono imenyooka, kama mtu anayebeba kitu kinachodondosha maji. Hakuniona. Nikarudi chumbani nikakaa kitandani. Aliniambia joto kwa sababu ananipenda, na mimi nilimwacha abebe mimba ile miezi mitatu ya mwisho bila dada. Hilo sijawahi kumwambia, na yeye hajawahi kulitaja.

Basi yule dada wa ofisini naye amekuambia kiyoyozi. Hakujui, mna wiki mbili tu, na bado amekusitiri. Muulize, mama. Usimuulize kama unanuka vibaya, kwa kuwa atakataa na mtabaki palepale. Mwambie: "Navaa manukato yenye karafuu nyingi, najua hayamfai kila mtu. Yakikusumbua nayaacha nyumbani." Halafu nyamaza, umpe muda wa kujibu. Na siku utakayomuuliza usiwe umeyavaa.

Si lazima iwe ni suala la kupenda na kutopenda. Kuna wanaobanwa kifua wakisikia manukato makali, kuna wanaopatwa na kipandauso siku nzima. Kuna na ngozi. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba viambato 26 vya manukato vinavyoweza kuleta mzio viandikwe kwa majina kwenye kifungashio. Eugenoli ya karafuu imo, na ile inayoupa mdalasini ukali wake imo. Chupa uliyochukua ni ya kabla ya hapo, haina orodha, kwa hiyo akikuuliza ndani kuna nini, wewe ndiye wa kumwambia. Na ule wekundu wa shingoni ulionionyesha kwenye picha ukasema ni kola ya shati, sidhani ni kola. Acha kabisa kupuliza shingoni. Puliza mara moja, mara moja tu, kwenye bitana ya koti, nusu saa kabla ya kutoka. Nguo nyeupe usithubutu, itaacha doa la kahawia na sabuni haitakusaidia. Siku za joto kali iache, joto huiamsha yote kwa mkupuo.

Usidhani nakukataza. Nilikuona ukitoka umeivaa ile siku ya usaili, ilikuwa imeshapoa mwilini, na kwa kweli inakukaa vizuri kuliko ilivyowahi kunikaa mimi. Kwangu karafuu hubaki juu mpaka jioni. Kwako inazama mapema, vanila inakuja haraka, unanukia kama mtu aliyekaa karibu na moto wa kuni nzuri. Wasichana wengi wa rika lako wanavaa sukari na matunda. Wewe umeona utamu ulipo ndani ya kitu kichungu, na hilo hukufundishwa na mtu. Nilijivuna sana. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa bado nina hasira ya kuchelewa kwako kuamka.

Kama unataka ya kazini, nitakununulia nyingine. Opium ya sasa si ile. Mwaka 2009 walibadilisha chupa, na wengi waliozoea ya zamani wanasema iliyomo sasa ni nyepesi, karafuu imepungua, haidumu. Nimeijaribu, na mimi naisikia inaniaga kabla ya saa sita mchana. Kwangu hiyo ni hasara. Kwa chumba cha watu wanne pengine ndiyo inayofaa. Au jaribu Coco ya Chanel, ya mwaka 1984: viungo vimo, lakini vimevishwa waridi na kaharabu, havikurukii usoni. Ijaribu kwenye mkono, siyo kwenye kikaratasi, ukae nayo siku nzima ndipo uamue.

Na jina lake. Mtu akikuuliza umevaa nini, mtajie, lakini usilitaje kwa kicheko kama nilivyokuwa nikifanya ujana wangu. Opium ni afyuni, na afyuni iliipigisha China vita viwili karne ya 19, ikawamaliza watu majumbani mwao. Manukato haya yalipopelekwa Marekani mwaka 1978 yalifanyiwa sherehe kubwa kwenye meli iliyotia nanga New York, na Wamarekani wenye asili ya China wakapaza sauti kulipinga jina hilo. Hawakubadilishiwa. Hata chupa ni ya kuazima kwa wengine: Pierre Dinand aliichora kwa kufuata inro, kile kikasha ambacho Wajapani walikining'iniza kiunoni kwa kamba, waweke mihuri na dawa, kwa kuwa kimono haina mfuko. Chupa naipenda, ile ndogo yenye kishada bado iko kwangu na hiyo usiiguse. Jina silipendi. Ukiwa na mwenzako wa kutoka China hapo ofisini, fikiria kabla ya kulitamka.

Huku tuko salama. Bomba la jikoni fundi amekuja mara mbili na bado linavuja, nimeweka ndoo, usiku nasikia tone moja moja mpaka napata usingizi. Mdogo wako amehamia chumbani kwako bila kuomba, kwa hiyo hilo la kuchukua bila kuomba sasa nalo linakwenda kwa mpangilio wa umri. Godoro lako nimelianika. Baba yako anasema nisikuandikie mambo ya manukato, nikuandikie uweke akiba. Weka akiba. Cherehani imerudi kutoka kwa fundi, inashona lakini inakaza uzi, nitakumalizia sketi ile ya bluu pindo likitulia. Umebeba funguo mbili za mlango wa nyuma, moja ni ya baba yako, anapita dirishani kama mwizi.

Nakutumia sweta mbili, ile nene na ya kijivu, zote nimezifua kwa sabuni isiyo na harufu. Ya kijivu ivae kazini, halafu uone kama kweli kiyoyozi kinamfikia mtu alipokuwa amekaa yule dada. Kifuniko cha chupa nimekizungushia kitambaa, kimo ndani ya soksi ya kijani. Kirudishie siku hiyohiyo utakapokipata, na chupa uiweke kwenye droo, siyo dirishani. Jua na joto huanza kwa kuiharibu ile chenza ya mwanzoni, na ikishaharibika utapokelewa na ukali mtupu kila ukipuliza, nawe utadhani ni pua.

Mzigo unaondoka kesho asubuhi. Ukiupata nijulishe, na unijulishe ile meza iko wapi.

Mama yako