Filamu ya Marius: siku na mahali vimebadilika

Ndugu wapendwa, habari za jioni.

Kwa kuwa ukumbi tuliouzoea umefungwa kwa ukarabati, tutaitazama Marius nyumbani kwangu hapa Marseille, Jumapili saa 11 kamili jioni badala ya Jumamosi. Filamu hii ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Alexander Korda kutokana na tamthilia ya Marcel Pagnol iliyochezwa kwanza Paris mwaka 1929, inazidi saa 2, hivyo naomba tusichelewe. Naipenda mno, hasa pale César, baba wa kijana Marius, katikati ya mchezo wa karata, anapomdokeza mwenzake kuhusu kopa kwa kulalamika kwamba moyo wake unapasuliwa, maana kwa Kifaransa moyo na kopa ni neno moja.

1. Mchango ni euro 5 kwa kila mtu, nao ukabidhiwe kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa.
2. Waliojitolea kuleta sambusa na chai wafike saa 10 na nusu.

Wenye nafasi tukutane kwanza Vieux-Port saa 9 alasiri, tuitazame bandari inayomvuta Marius baharini huku msichana Fanny akimpenda.

Tafadhali kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, ili nijue viti vya kuazima kwa jirani. Ahsanteni sana.