Kijiko tunachokishika sisi: barua kwa bibi wenzangu wa Newala

Bibi wenzangu wa Newala na vijiji vyake,

Shikamooni mlionitangulia, nanyi wadogo zangu, marahaba. Nimekuwa somo wa mabinti zetu miaka mingi, na kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa zahanati. Nawaandikia nyinyi, siyo mabinti, kwa sababu mtoto akizaliwa neno la mwisho ndani ya nyumba ni letu. Binti ananyonyesha, sisi ndio tunaoshika kijiko.

Nami nilikishika. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa na siku tisa, kila jioni analia na kukunja miguu. Nikasema hilo ni chango. Nikachemsha mizizi, nikapoza kwenye kikombe cha bati, nikampa vijiko vitatu. Maji yenyewe yalikuwa ya kununua kwa ndoo, yamelala kwenye pipa siku nyingi, nanyi mnaijua shida ya maji huku juu kwetu. Kesho yake akaharisha, na utosi ukabonyea. Alipona, Alhamdulillahi, lakini ule utosi bado nauona.

Ndani ya maziwa ya mama mna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Si zake. Ni chakula cha bakteria wema wanaoitwa bifidobakteria. Wakishiba, hulitia tumbo uchachu ambao wadudu wa maradhi hawaupendi. Maji ya pipa, uji mwepesi na mizizi huwavurugia makazi. Na ile dang'a ya njano ambayo wengine bado wanaikamua na kuimwaga wakisema ni uchafu, ndiyo kinga ya kwanza ya utumbo. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6.

Mtaniuliza, tumbo na akili vinahusianaje? Ubongo wa mtoto mchanga hula zaidi ya nusu ya nguvu yote anayoipata, na ndani ya mwaka mmoja hukua karibu mara mbili. Mtoto anayeharisha kila mara, utumbo wake huchakaa ukashindwa kufyonza chakula, na ubongo ndio unaopunjwa. Tena kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kichwani hadi matumboni, habari zikipita huku na huku. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza habari za panya waliolelewa bila bakteria yoyote tumboni: walikuwa wakibanwa kidogo, miili yao inashtuka kupita kiasi. Waliopewa bakteria mapema walipata nafuu. Waliocheleweshwa hawakupata.

Ndiyo maana dawa za antibayotiki za maji tunazokimbilia kununua duka la dawa zinanitia hofu. Huua na wale wema. Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya, apewe ORS, ile dawa ya pakiti inayochanganywa na maji, na zahanati watampa zinki ya siku 10 hadi 14. Kuku nao wasilale anapotambaa mtoto. Kinyesi chao kinaishia mdomoni mwake.

Sasa msimu wa korosho. Mama anatoka alfajiri kuokota, mtoto wa miezi miwili anabaki na bibi na chupa ya uji. Dada zangu, mwacheni aende naye, alazwe kivulini chini ya mkorosho. Ikishindikana, akamue kwenye kikombe safi kilichochemshwa, kifunikwe, kikae mahali pa baridi, nawe umnyweshe kwa kikombe hicho kabla ya muda wa saa tatu kupita tangu kukamuliwa.

Na kile kilio cha jioni huzidi kwenye wiki ya 6, kisha hupungua akifika miezi 3 au 4. Mbebe begani, msugue mgongo, tembea naye uani. Akiwa na homa au akikataa kunyonya, usingoje kukuche, mpeleke zahanati.

Bibi mwenzenu na somo, Newala