Kichupa chenye kifuniko cha zambarau

Mdogo wangu Riziki,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, hofu ni juu yenu hapo Jang'ombe. Suala lako nimeliona: seli nyeupe umezichokoza kwa kila dawa na hazikuitika. Mimi naona ubaya umo kwenye kichupa ulichotilia damu. Kile cha zambarau kina EDTA, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande. Kwa kuhesabu seli, sawa kabisa. Kwa kuziamsha, chukua cha kijani chenye heparini, nayo huzuia damu kuganda bila kuimaliza kalsiamu.

Seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, ikiwa imetulia ina kalsiamu kama nanomola 100 ndani yake. Nje, kwenye damu, kalsiamu iliyo huru ni karibu milimola 1.2, mara elfu kumi na zaidi. Kipokezi cha seli kikishika antijeni, yaani alama ya kitu kigeni, IP3 (molekuli ndogo ya kupeleka habari) inatolewa na kufungua ghala ya kalsiamu iliyo ndani. Ghala yenyewe ndogo, haifiki mbali. Basi angalia tangi letu la juu ya paa: maji yakishuka, boya nalo hushuka, bomba likafunguka. Boya ni protini STIM1 na bomba ni Orai1, kwenye utando wa nje. Ndiyo maana kama nje hamna kalsiamu, mchezo umekwisha. Mtoto aliyezaliwa na Orai1 mbovu seli T anazo, na kwa kuzihesabu huoni kasoro, ila hazipigani.

Mmweko wa dakika mbili hautoshi. Kalsiamu ibaki juu kwa saa kadhaa, ili kimeng'enya kalsinurini kiendelee kuivua protini NFAT fosfeti zake, nayo NFAT ikae kwenye kiini na kuwasha jeni ya IL-2, ishara ya kuzifanya seli T ziongezeke.

Kupima: tia Fura-2 AM, rangi inayoonyesha kalsiamu ndani ya seli, mikromola 1 hadi 2, dakika 30, joto la chumbani. Kwenye nyuzi 37 rangi hujificha kwenye vijifuko vya ndani na vipimo vikapotoka. Osha, subiri dakika 20, soma kwa mwanga wa nanomita 340 na 380. Tumia maji ya HEPES (dawa ya kutuliza asidi) yenye kalsiamu milimola 1 hadi 2. Kalsiamu ukiitia kwenye maji ya fosfeti hufanya ungaunga mweupe. Mwisho tia ayonomaisini, dawa ya kuipitisha kalsiamu kwenye utando kwa nguvu, mikromola 1. Nayo isipopandisha, usizilaumu seli, kagua rangi na maji.

Ami naye, takrolimasi anayokunywa inazuia kalsinurini hiyo hiyo, seli T zisiamke kuishambulia, ndipo figo aliyopandikizwa ikasalimika. Mwambie balungi aliache kabisa: humzuilia mwili kuivunja dawa, ikazidi damuni.

Mama mpe mkono wangu.

Dada yako