Barua kwa Mama Hamisi: mtoto akiamka na joto

Mwanga, Kigoma
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Hamisi,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema Hamisi ana mwezi mmoja tu chekechea hapo Tabora na ameshaugua mara tatu. Usijilaumu, shoga yangu. Watoto wakikutana wanaambukizana.

Umeniuliza kama mafua yanatosha kumbakiza nyumbani. Mafua matupu, mtoto anakula, anacheza, hana joto, mimi nampeleka. Tukisubiri kila kamasi likauke, hatasoma. Ila joto likifika nyuzi 38, hatoki, wala harudi darasani mpaka zitimie saa 24 hana homa na hajapewa dawa ya kuishusha.

Hilo la dawa nimelijua kwa uchungu. Mwaka juzi nilikuwa na mzigo wa dagaa unanisubiri mwaloni Kibirizi, mwanangu Neema akaamka wa moto. Nikampa parasetamoli, akachangamka, nikamvalisha sweta nikampeleka. Saa nne mwalimu akapiga simu: mtoto kalalia meza, anatetemeka. Kupimwa, malaria. Ni kweli malaria haimwambukizi mwenzake wa dawati moja, lakini mwanangu alikaa nusu siku bila matibabu kwa sababu niliifunika homa yake. Dagaa niliwauza. Uso wake wa siku ile naukumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo homa ipimwe siku hiyohiyo. Akiandikiwa dawa mseto ya malaria, mpe dozi yote ya siku tatu, hata kama siku ya pili anarukaruka uani.

Akiharisha au kutapika, abaki mpaka zipite siku mbili tangu mara ya mwisho. Mnyweshe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, kidogo kidogo kwa kijiko, na vidonge vya zinki siku 10 hata kama kuhara kumekoma. Hapa nina ukali, maana kituo alichoanzia Neema kilikuwa na ndoo moja na kikombe kimoja cha watoto wote. Muulize mwalimu wa Hamisi wanakunywaje maji. Tetekuwanga ni mpaka malengelenge yote yakauke.

Lakini akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea haamki vizuri, au kifua kikibonyea ndani anapopumua, acha kila kitu ukimbie hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Najua siku usiyofungua genge ni siku isiyo na unga. Tafuta mtu sasa, Hamisi akiwa mzima. Mimi nina bibi wa nyumba ya pili, watoto wake wameshakua. Neema akiumwa anashinda kwake, nami nikitoka mwaloni namletea migebuka.

Nimekufungia dagaa kilo mbili, mjomba anakuja nao kwa treni wiki hii. Mpokee stesheni. Na unijibu upesi kile kikohozi cha Hamisi cha usiku kimefikia wapi.

Wako,
Mama Neema